Watoto Kumi na Wawili na Lundo la Mchanga

Kutoka Shabunda hadi Bukavu nilitumia siku tisa, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa naisukuma pikipiki ambayo ndiyo iliyopaswa kunibeba. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua za mwisho, na barabara ilikuwa imegeuka supu. Mwenye pikipiki alibeba bido tatu, madumu ya mafuta ya mawese, mbele na mimi nyuma, na kila tulipofika kwenye tope aliniita mjomba kwa Kifaransa: "Tonton, shuka kidogo." Kidogo hicho kiliweza kuchukua asubuhi nzima. Kigulube tulilala kwa mwalimu mmoja aliyetulisha muhogo na sombe, majani yake, akakataa kabisa tuondoke bila kuona daftari za wanafunzi wake. Nzibira harufu ya ardhi ilibadilika, nikajua tumetoka msituni. Walungu nikaagana na pikipiki kwa furaha nisiyoificha, nikaomba nafasi juu ya lori la kabichi.

Shabunda nilikwenda kuchimba dhahabu, nikaishia kuwajengea vibanda wanaochimba. Ndivyo nilivyoishi tangu nimalize sekondari. Nilisoma mkondo wa ualimu, nikapata diploma ya serikali, sikufundisha hata siku moja. Nikawa fundi wa kuta, kwa sababu kuta ziko kila mahali na mtu anaweza kuhama nazo. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na nilikuwa bado sijajenga ukuta wowote nikabaki kuuangalia ukizeeka. Nikiwa Kalemie naota Uvira, nikiwa Uvira naota Kalemie. Juu ya kabichi zile, nilipoliona ziwa kwa mbali, nilijiambia: Bukavu mwezi mmoja, kisha bondeni, Luvungi, kwenye joto.

Kazi niliipata Kadutu. Mvua zilezile zilizonichelewesha njiani zilikuwa zimeuangusha ukuta wa mawe uliozuia udongo nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Zilikuwa familia nne kwenye kiwanja kimoja kilichoinama kama sahani iliyowekwa kwenye goti. Mwenye nyumba alinipa chumba cha kuwekea vyombo nilale humo, akanipa na sharti moja.

"Fundi, mvua ya mwezi wa tisa ikute ukuta umesimama. Ikinikuta na shimo hili, udongo utaingia mpaka kwenye kitanda changu, na weye nitakutafuta hata ukiwa Kisangani."

Nilimwagiwa mchanga lori zima katikati ya kiwanja, nikaanza kuchonga mawe.

Wiki ya pili akaja msichana aliyebeba mfuko mkubwa wa rangi ya machungwa. Viatu vyake vilikuwa vya mjini, havikuzoea mteremko wetu. Alinisalimu mimi kwanza, kwa kuwa mchana nilikuwa mtu mzima peke yangu pale. Akina mama walikuwa sokoni.

"Bonjour papa fundi. Niko natafuta ba maman ba hapa. Niko mwanafunzi, nafanya kazi ya mwisho ya masomo yangu, juu ya michezo ya batoto badogo."

Alinieleza yote akiwa amesimama. Alihitaji watoto kumi na wawili, wa miaka miwili hadi mitano, na kwenye kiwanja chetu pamoja na jirani walikuwepo kumi na wawili kamili. Kila mmoja angetazamwa mara tatu, nusu saa kila mara, wakati anacheza mwenyewe bila kuambiwa, na yeye angeandika kwenye fishi, karatasi zake za kumbukumbu: anacheza nini, na nani, anasema nini, mikono yake inaweza nini. Mwenye nyumba alikuwa ameshakubali, maana alimjua shangazi wa msichana huyo kanisani. Nilipomwambia kwamba nami nilisoma ualimu zamani, macho yake yaling'aa kama mtu aliyekuta ndugu ugenini.

"Basi utanisaidia. Ubaambie ba maman, Jumanne saa tisa nitakuja. Baache batoto vile banakuwaka kila siku. Basibadilishe kitu hata kimoja."

Niliitikia. Na hapa lazima niseme nilivyofanya, kwa sababu kila kitu kilitokea hapo. Jioni, akina mama waliporudi, nilitazama makamasi, matumbo yenye vumbi, suruali zilizotoboka matakoni, nikafikiria yule msichana wa watu akipanda mlima wetu kwa viatu vile. Mgeni wa chuo kikuu! Kwetu mgeni hapokelewi hivyo. Nikawaambia: "Jumanne saa tisa anakuja mgeni kutoka chuo. Anakuja kuangalia batoto. Mujitayarishe vizuri." Nikaongeza na la kwangu, "Musitupatishe haya." Nikaenda kulala nikijiona nimefanya jambo la maana.

Jumanne saa tisa mwanafunzi alikuta viti kumi na viwili vimepangwa kwa mstari. Watoto walikuwa wameogeshwa mpaka wakang'aa, wamepakwa mafuta, wamevaa nguo za Jumapili. Mjukuu wa mwenye nyumba, binti wa miaka mitatu, alikuwa na soksi nyeupe hadi magotini. Hakuna aliyejikuna. Mwanafunzi alifungua mfuko wake: vijiti vya rangi vya kupangia nyumba, wanasesere, mpira, magari madogo. Watoto walivitazama, kisha wakawatazama mama zao.

"Onyesha madamu unajua!" mama mmoja alimsukuma wake mgongoni.

Mtoto akasimama, akafunga mikono nyuma, akahesabu kwa Kifaransa hadi kumi, akakaa. Akina mama wakapiga makofi. Mwingine akaimba wimbo wa bendera. Walikuwa wamefundishwa tangu Jumamosi, maana habari ilikuwa imeshazunguka kwamba atakayefanya vizuri atachukuliwa shule ya watoto wadogo.

Mwanafunzi aliwaachia vile vitu vya kuchezea ili watoto wavizoee. Aliporudi Alhamisi alivikuta. Vilikuwa ndani ya makabati ya vioo, juu ya vitambaa vilivyofumwa, kati ya glasi za wageni na picha za harusi. Mwanasesere mmoja alikuwa amefunikwa na nailoni asipate vumbi. Wiki mbili alikuja, na wiki mbili alipokelewa kwa viti. Fishi zake zote zilisema jambo moja: mtoto amekaa.

Halafu asubuhi moja alikuja bila mfuko, akaketi juu ya mawe yangu. Nikaweka mwiko chini.

"Kwa nini unakaa hivi?"

"Profesa amesoma fishi zangu," alisema. "Amesema, 'Mademoiselle, umeniletea ba waziri kumi na wawili. Nilikutuma kutafuta batoto.' Amesema nirudi na mchezo ao nisirudi." Akafuta pua kwa mkono. "Kikao cha kwanza cha kutetea kazi nimeshakosa. Nikikosa na cha pili, ni kurudia mwaka. Na nyumbani Walungu baba amesema hakuna tena kurudia. Nitarudi kulima mahindi na kukaa."

Wanafunzi wenzake walikuwa wamemshauri ajaze fishi hizo nyumbani, usiku mmoja unatosha. Alisema hapana. Aliwatazama watoto kumi na wawili usoni, alisema, asingeweza kuwaandikia uongo.

Nilikuwa nimeshika kofia yangu kama mtu aliye mbele ya padri. Nikamwambia nilivyosema kwa akina mama.

"Tonton. Ni weye?"

"Ni miye."

"Na ulisoma ualimu!"

"Ndiyo maana sikufundisha," nilisema. Hakucheka. Alisimama akateremka mlima bila kuaga, na siku ile nilivunja jiwe moja vibaya, likanipiga kidole gumba, nikaona ni haki.

Jioni nilimfuata kwa shangazi yake. Nilimwambia: kesho njoo saa mbili asubuhi. Usibebe mfuko. Usivae vile viatu. Miye sitamwambia mtu yeyote kitu.

Alikuja amevaa ndala na kitenge cha kazi. Alipopita kona ya nyumba nilimwonyesha kwa kidevu tu. Watoto walikuwa kwenye lundo langu la mchanga, kama walivyokuwa kila asubuhi tangu lori limwage. Mimi niliwazoea hata sikuwaona tena, kama mtu asivyowaona inzi. Niliwafukuza mara mbili kwa siku na wao walirudi mara tatu.

Msichana wa miaka minne, mtoto wa muuza samaki, ndiye aliyekuwa fundi. Alikuwa amefunga kijiwe kwenye uzi wa mgomba, akakishika juu mbele ya ukuta wao wa mchanga na vipande vya matofali, akafumba jicho moja. Alirudi nyuma hatua mbili. Akatema mate.

"Umelala," alisema kwa sauti nzito. "Bomoa!"

Wenzake watatu wakabomoa kwa furaha, wakaanza upya. Mmoja alikoroga mchanga na maji ndani ya kopo la maziwa, akasema, "Simiti imekuwa nyepesi, nani aliweka maji mingi? Ni weye, mupumbavu!" Mdogo kabisa, wa miaka miwili, hakuwa na habari na ukuta, alijaza kopo, akalimwaga, akajaza, akalimwaga, na kila lilipojaa aliangalia kama limejaa kweli.

"Tonton," mwanafunzi alininong'oneza, kalamu inakimbia, "unatemaka mate hivi?"

"Hata siku moja."

Nilikuwa nimeshatema tayari asubuhi ile mara mbili.

Hakuwa ameandika ukurasa wa pili wakati mama samaki alipotoka ndani, akamwona mgeni na daftari, akamwona binti yake. Alipiga kelele kama nyumba inaungua.

"Mungu wangu! Na huu uchafu! Ngoja nimuogeshe, dakika mbili!"

"Maman, acha hivyo, tafadhali. Hivyo ndiyo nataka."

"Utamuandika na makamasi? Profesa asome kama mutoto wangu aiko na viatu? Batasema Kadutu tunazaa nguruwe!"

Alikuwa tayari amemshika mtoto mkono na beseni limefika. Hapo mwanafunzi alifanya kitu ambacho naamini hakikuwa kwenye vitabu vyake. Alimsomea. Alisimama na daftari akasoma kwa Kiswahili chetu hiki, pole pole: kwamba huyu wa miaka minne anagawa kazi kwa watu watatu na wanamtii, kwamba ametengeneza kipimo cha kamba kwa uzi wa mgomba bila kufundishwa, kwamba anajua ukuta uliolala hausimami, kwamba amevumilia kuanza upya mara tano bila kulia. Mama samaki alisimama na beseni. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye miguu yake.

"Hayo yote ni huyu?"

"Ni huyu."

"Na wapi uliandika viatu?"

"Sijaandika viatu."

"Leta nione." Alisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari, kisha akamsukuma binti yake kidogo kurudi kwenye mchanga. "Haya, endelea na kazi yako."

Kuanzia siku hiyo, kila alipomaliza kuandika mwanafunzi alikaa na akina mama, akiwasaidia kuchambua maharage, akawasomea. Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Na wangu uliandika nini?" ndiyo ikawa salamu yao. Wivu ulikuwepo pia. Mama mmoja nilimkuta nyuma ya choo anamwambia mwanawe ajenge ghorofa. Lakini kuna kazi nyingi asubuhi kwenye nyumba ya watu, na mama mwenye nguo za kufua hawezi kusimamia mchezo kwa muda mrefu. Mimi nilipewa saa ya mkononi, niite kila dakika tano. Profesa alipoonyeshwa zile fishi mpya, alisema kitu kimoja tu: "Sasa naona batoto. Kumi na wawili, sivyo?"

Hapo ndipo penye shida. Walikuwa kumi na mmoja.

Wa kumi na mbili alikuwa yule binti wa soksi nyeupe. Wazazi wake walifanya kazi mbali, wakamwachia bibi yake, na bibi alimlinda kama mayai. Alikaa kwenye ngazi ya saruji mbele ya mlango, viatu vimefungwa, akitazama. Mwanafunzi alimwomba mwenye nyumba mara mbili, kwa heshima zote.

"Hapana," alijibu mjane. "Bengine bacheze. Bazazi bake banaweza kupiga video saa yoyote, bamukute na matope ya fundi? Miye bibi, nitajibu nini?"

Na mchanga ulikuwa unaisha. Kila siku niliupunguza kwa karai, na mwezi wa nane ulikuwa umefika nusu. Nilianza kujenga pole pole. Nilipima jiwe moja mara nne. Nilichonga pale pasipohitaji kuchongwa. Mimi, ambaye sijawahi kumaliza kazi bila begi langu kuwa limefungwa tangu jana yake, nilikuwa natafuta sababu za kubaki. Mwenye nyumba aliona. Alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Fundi, huu ukuta iko inakua ao inarudi chini?"

"Maman, kazi nzuri haitaki haraka."

"Mbingu nayo aitaki haraka? Angalia mawingu kule juu. Nilikupa chumba, sikukupa uraia."

Alikuwa na haki. Nilimwahidi yeye ukuta na nilimwahidi msichana mchanga, na mchanga ule ulikuwa mmoja. Jioni nilimwambia mwanafunzi: nina siku nne, si zaidi. Alitikisa kichwa. Alisema mtoto akikaa, basi ataandika kwamba amekaa.

Na ndivyo alivyofanya. Kesho yake alimtazama binti wa ngazi nusu saa kamili, mimi naita dakika. Kisha akaketi na akina mama, mwenye nyumba akiwa kati yao na ungo wake, akasoma za siku ile. Alisoma za mtoto wa mama samaki, wakacheka. Alisoma za yule mdogo wa kopo, aliyegundua kopo lenye tundu halijai hata umwage vipi, wakacheka zaidi. Kisha akasoma:

"Miaka mitatu. Dakika ya kwanza, amekaa kwenye ngazi. Dakika ya tano, anatazama wenzake. Ya kumi, anashika kamba ya kiatu. Ya kumi na tano, mwenzake anacheka, naye anacheka, anaangalia mlango, ananyamaza. Ya ishirini, amekaa. Ya ishirini na tano, amekaa. Mwisho."

Maharage yalisikika yakianguka kwenye sufuria. Mwenye nyumba alichukua ungo wake, akaingia ndani akafunga mlango, na mama samaki akamwambia mwanafunzi, "Weye mutoto, una roho ngumu."

Asubuhi saa mbili mlango ulifunguliwa. Mjane alitoka amembeba mjukuu wake. Mtoto alikuwa miguu mitupu, amevaa shati kuukuu la mtu mzima lililokatwa mikono. Alimweka juu ya mchanga kama mtu anavyoweka kitu kwenye mzani.

"Haya," alisema bila kumwangalia yeyote. "Na asile mchanga."

Mtoto alisimama pale. Alikunja vidole vya miguu, akavikunjua. Niliita dakika tano, nikaita kumi, na nilisikia jasho mgongoni kama siku ya mtihani wa serikali. Kisha fundi wa miaka minne akageuka, akamwona, akaudhika.

"Weye! Hapa hakuna wa kusimama. Chukua kopo, leta maji!"

Akachukua kopo. Alileta maji. Nusu yalimwagika tumboni mwake na akapiga ukelele, si wa kulia, na ilipofika dakika ya ishirini alikuwa amekaa ndani ya tope anagombana na wenzake kuhusu nani aliweka maji mengi. Bibi yake alijifanya anafagia. Alifagia mahali pamoja muda wote ule.

Siku tatu zile zilitosha. Siku ya nne nilichukua mchanga wote uliobaki, nikamaliza ukuta, na mvua ya kwanza ilipokuja ulisimama.

Kutetea kazi kulipangwa wiki tano baadaye. Nilikuwa nimeshaagana na watu mara mbili, na mara mbili nikapata kazi ndogo ya kunizuia, na sikuwa nimejitahidi sana kuikwepa. Siku yenyewe nilivaa koti la mitumba, nikabeba begi langu kabisa, maana lori la Luvungi lilikuwa linatoka Panzi saa nane mchana. Kiwanja kizima kilikuja. Akina mama walivaa vitenge vya aina moja. Watoto walikuwa wameogeshwa, na safari hii mwanafunzi hakuwa na la kusema.

Alisimama mbele ya maprofesa watatu, akaeleza kazi yake tangu mwanzo. Mmoja wao alimuuliza kwa ukali, "Fishi zako za kwanza zilikuwa na vitu vya kuchezea vya kununua. Hizi za pili havimo. Viko wapi?"

"Viko ndani ya kabati, Profesa. Bamebitunza vizuri sana."

Ukumbi mzima ulicheka, hata yule mkali. Lakini alieleza: alikosea kwa kudhani mchezo unabebwa kwenye mfuko, na akina mama walidhani mtoto anaheshimiwa akiwa amekaa. Aliandika makosa yote mawili kwenye kazi yake, sura nzima. Akasema jambo ambalo bado nalikumbuka: kwamba alipowasomea mama watoto wao, walianza kuwaona. Tulitolewa nje sote, tukangoja kwenye baraza, mwenye nyumba akisali rozari haraka haraka kuliko inavyoruhusiwa. Walipotuita ndani, walisema amepita, tena kwa alama nzuri.

Sikumbuki nani alianza. Poda nyeupe ilirushwa, kopo baada ya kopo, kama tunavyofanya mtu akipata diploma, mpaka msichana akawa mweupe nyusi na kope. Baba yake alikuwa amekuja kutoka Walungu, mzee mrefu asiyesema. Alisimama mbele ya binti yake, akampangusa poda puani kwa kidole kimoja, basi. Mama samaki alinimwagia na mimi. "Fundi pia! Fundi pia!" Mwanafunzi alinishika mikono miwili, akaniuliza kama nitarudi. Nilisema ndiyo, na tukajua wote wawili nilivyo. Bukavu sijarudi tena.

Lori lilikuwa limeshawasha injini nilipofika Panzi. Nilipanda, nikakaa karibu na mama mmoja mwenye kuku. Alinitazama poda kichwani, akanitazama koti.

"Papa, ni nani amepata diploma?"

"Ni binti mmoja."

"Binti wako! Hongera, papa!" Akawageukia wengine, akawaambia kwa sauti, na lori zima likaanza kunipongeza, mwanamume mmoja akinipa mkono kutoka nyuma ya magunia. Nilitaka kueleza. Lakini gari lilikuwa limeanza kushuka, upepo ulikuwa mwingi, na hadithi ilikuwa ndefu; nikapokea hongera zote, nikasema asante.